Barua Aliyoitunza Mama Waya

Mama Waya hakuingia uuguzi kwa wito. Wito aliwaachia wenzake wa chuoni, wale waliosimama siku ya kwanza wakaeleza mbele ya darasa jinsi walivyoota tangu utotoni kuvaa sare nyeupe. Zamu yake ilipofika alisema, "Nimekuja kujifunza," akakaa. Ukweli ni kwamba alikuwa amekuja kwa hasira, na hasira yake ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na mwandiko, na sahihi, na muhuri wa hospitali kuu, vyote kwenye karatasi moja aliyoifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga na kulisukuma chini ya kitanda.

Karatasi hiyo ilikuwa barua ya rufaa. Upande wa mbele, tabibu wa zahanati ya kwao alikuwa amemwomba daktari bingwa wa moyo, kwa adabu zote, amchunguze binti wa miaka ishirini na minne anayehema akitembea hatua kumi tu. Upande wa nyuma bingwa alikuwa amejibu kwa maneno kumi: "Hana ugonjwa wa moyo. Ni hofu na uvivu. Asiletwe tena."

Binti mwenyewe alikuwa mdogo wake wa kufuatana. Nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu hakuwa na breki mdomoni. Angekusimulia safari ya kwenda kuchota maji mpaka ukaona mkono wako wewe ndio unaouma kwa ndoo. Na ugonjwa ulimwanzia hapo hapo kwenye maneno. Alianza kusimama katikati ya sentensi kutafuta pumzi, halafu akawa anachagua visa vifupi vifupi, halafu akanyamaza kabisa, na nyumba nzima ikajua kuna jambo. Dada mtu akafunga safari naye hadi hospitali kuu, siku mbili, kwanza juu ya lori la mbao na baadaye ndani ya basi, Kasuku akilala ameketi njia nzima maana akijinyoosha alikuwa anazama bila maji.

Bingwa aliwafikia saa saba mchana, wanafunzi sita wakimfuata nyuma. Alikuwa anawafundisha. Na alifundisha vizuri, hilo Mama Waya hakuwahi kulikana, alikuwa na sauti nene ya mtu aliyezoea kunyamaziwa. Kasuku aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Daktari, mimi nikilala..."

Bingwa hakumtazama. Alimwonyesha kiganja. "Subiri, binti, naongea."

Akaendelea na wanafunzi wake. Akaigeuza barua, akaandika yale maneno kumi akiwa amesimama, akaenda kitanda cha pili. Stetoskopu ilibaki inaning'inia shingoni mwake kama pambo. Kifua cha Kasuku haikukigusa hata mara moja. Siku ya kumi na tisa baada ya kurudi nyumbani, Kasuku alikufa akiwa ameketi.

Miaka kumi na mmoja ni mingi, na wapo watu ambao kwa muda huo wangesahau, au angalau wangechoka. Katika nyumba hiyo hakuchoka mtu. Kila ilipotimia siku ya kifo, mama yao aliketi kwenye kigoda mlangoni, akapangusa mikono, akasema, "Ilete." Mama hakujua kusoma. Binti yake aliifungua karatasi taratibu maana mikunjo ilishaanza kukatika, akasoma maneno kumi.

"Na kwa mdomo alisema nini?" mama aliuliza kila mwaka, kama vile hajui.

"Alisema, subiri, binti, naongea."

"Soma tena."

Akasoma tena. Mwaka mwingine alisomeshwa mara nne. Wageni waliokuta shughuli hiyo walidhani ni barua ya faraja kutoka kwa ndugu wa mbali, na mama hakuwasahihisha. Mwaka wa tano aliuliza jambo jipya. "Utampata lini huyo mtu?"

"Nitampata," alijibu binti yake. Alikuwa ameshahitimu uuguzi na kupangiwa zahanati ile ile ya kwao, kwa kuomba mwenyewe, mahali ambapo wenzake wote walikuwa wakiomba wasipelekwe.

Hakujua atampataje. Hospitali kuu ilikuwa bado mbali siku mbili, na muuguzi wa kijijini haendi kumkamata bingwa shati koridoni. Lakini kama ulivyo moyo wa mwenye kinyongo, yeye alikuwa na subira. Na baada ya miaka mitano mingine, bingwa akaletwa mpaka mlangoni. Akaletwa kwa waya.

Mradi wa madaktari wa skrini ulipofika, wakubwa walisema sana siku ya uzinduzi, wakapiga picha, wakaondoka. Wakaacha paneli nne za sola juu ya bati, betri mbili zenye uzito wa mbuzi, dishi, skrini pana, kamera kwenye mkono wa chuma, na stetoskopu ya umeme inayopeleka mlio wa moyo hadi upande wa pili. Vyote viliwekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya ndoo, mafagio na vitanda vilivyovunjika miguu. Mtu wa kuvisimamia hakuteuliwa. Tabibu wa zahanati, bwana mnene mwenye kicheko cha karibu, aliutazama ule utitiri wa nyaya akasema, "Mimi na hizi hatujatambulishwa," akarudi kwa wagonjwa wake wa malaria.

Muuguzi alijifungia humo wiki nzima. Kila waya aliufunga plasta ya vidonda na kuuandika kwa kalamu: huu wa sauti, huu wa picha, huu usiguse. Alipanda juu ya bati mwenyewe kufuta vumbi kwenye paneli, sketi ya sare ikipepea, kijiji kizima kikishangaa chini. Toka siku hiyo jina lake halisi likapotea na akawa Mama Waya, ingawa hakuwa na mtoto.

Watu walicheka kwanza. "Unakwenda kutibiwa na televisheni?" waliulizana benchini. Halafu mzee mmoja aliyekuwa akiambiwa ana pepo akaonwa na bingwa wa mishipa ya fahamu, akapewa vidonge, akaacha kuanguka. Halafu mtoto mwenye jicho jeupe akaitwa kufanyiwa upasuaji akiwa na tarehe yake mkononi, badala ya kwenda kubahatisha foleni. Kicheko kikakoma. Ile safari ya siku mbili ikawa hatua ishirini kutoka kwenye benchi hadi kwenye kiti kilicho mbele ya kamera, na Mama Waya alipozihesabu hatua hizo alifurahi na kuumia kwa wakati mmoja. Kasuku angeziweza. Angepumzika mara mbili njiani, lakini angeziweza.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumatano zahanati kumi na tano ziliunganishwa pamoja, na kila Jumatano ilikuwa na bingwa wake. Jumatano ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya moyo. Zahanati ilipewa nafasi ya mgonjwa mmoja tu. Maelezo yake yalitumwa siku moja kabla, bila jina, kwa mpangilio usiobadilika: umri, kinachomsumbua, historia, ametibiwa wapi, mzio wa dawa, vipimo. Siku yenyewe muuguzi aliyasoma kwa sauti, bingwa akasikiliza kifua kupitia stetoskopu, akauliza, akaamua. Zahanati nyingine zote zilisikiliza ili zijifunze, na kikao chote kilirekodiwa.

Bingwa wa kwanza wa moyo alihamia ng'ambo. Orodha ilipokuja na jina la atakayeshika nafasi yake, Mama Waya alilisoma akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena. Mzee wa ile sahihi alikuwa amestaafu hospitali kuu na sasa alifundisha na kutibu akiwa kwenye kiti cha nyumbani kwake. Jumatano ya kwanza alipotokea kwenye skrini, mvi kichwa kizima, miwani kwenye ncha ya pua, Mama Waya alisubiri sauti. Ikaja ile ile, nene. "Kwa kifupi, sista," alisema kwa muuguzi wa zahanati ya kwanza. "Kwa kifupi tafadhali."

Mama Waya alimwacha miezi mitatu. Alimpelekea wagonjwa wake mmoja mmoja, akaandika maagizo yake, akasema ahsante daktari. Alikuwa anamsoma. Akaona kwamba mzee anapenda kufundisha, kwamba akisikia uzembe wa daktari mwingine huchemka, na kwamba huchemka kwa ufundi, kwa maneno ambayo wauguzi wa zahanati zote kumi na tano huyarudia wiki nzima wakicheka. Hapo ndipo mpango ulipomjia, na ulipomjia alicheka peke yake stoo mpaka tabibu akachungulia.

Angempelekea Kasuku.

Angemwandika kwa utaratibu, bila jina, kama mgonjwa mwingine yeyote. Umri, pumzi, kulala ameketi, koo na viungo vilivyomuuma utotoni, na pale penye "ametibiwa wapi" angeandika kwamba aliwahi kuonwa na daktari bingwa akarudishwa bila kuguswa. Angeacha mzee achemke. Angemwacha amtukane huyo daktari bingwa kwa ufundi wake wote, mbele ya masikio ya zahanati kumi na tano na kinasa sauti. Kisha angeiinua barua mbele ya kamera na kumvua nguo hadharani.

Jumanne alituma maelezo ya Kasuku. Tabibu aliyatia sahihi bila kuyasoma. "Wewe ukishaandika, mimi nisome nini?" alisema. Jioni hiyo Mama Waya alipita kwa mama yake akaomba lile kopo.

"Siku bado," mama alisema.

"Naipeleka kwa mwenyewe."

Alilifuta kopo kwa upindo wa nguo yake, akampa kwa mikono miwili.

Asubuhi ya Jumatano, Mama Waya akiwa anafuta kioo cha kamera, waliingia wanawake wawili. Wa mbele alikuwa mama wa makamo, mikono kiunoni. Nyuma yake alifuata mwanamke kijana, fundi cherehani wa pale sokoni, ambaye Mama Waya alimfahamu kwa kuwa ndiye aliyemshonea sare. Kutoka mlangoni hadi kitini alisimama mara mbili.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema yule mama. "Anakanyaga cherehani dakika mbili, analala juu ya nguo za watu. Usiku analala ameegemea ukuta kama mlinzi. Mnayo dawa ya uvivu hapa?"

Mama Waya alilisikia neno hilo likimwingia kama sindano. Alichukua stetoskopu, akamwekea fundi chini ya titi la kushoto, akafumba macho. Ulikuwepo, ule mvumo mzito wa chini, kama mtu anaburuta gunia sakafuni. Alikuwa ameusoma vitabuni kwa ajili ya Kasuku tu, na Kasuku hakuwahi kusikilizwa.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na... sita."

Nafasi ilikuwa moja. Kikao kilibakiza dakika arobaini kuanza. Simu ya mratibu wa hospitali kuu ilikuwa pale mezani, na kubadilisha mgonjwa kuliruhusiwa hadi dakika ya mwisho: kupiga simu, kumuuliza huyu mpya maswali yote ya fomu, kutuma maelezo mapya. Robo saa ingetosha. Lakini ingekuwa kumtoa Kasuku kitini, na bingwa wa moyo hangeonekana tena mpaka mwezi ujao, na Mama Waya alikuwa amesubiri miaka kumi na mmoja, na kopo lilikuwa pale kando ya simu limefutwa likang'aa.

Alilitazama kopo zaidi kuliko simu. Akajiambia: ugonjwa ni ule ule. Pumzi ni ile ile. Miaka miwili si tofauti. Nitamsomea wa kwanza, nitamsikilizisha wa pili, kila mmoja atapata chake. Na alipojiambia hivyo akaona raha, kama mtu aliyepata njia ya mkato nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

"Kaa hapa, dada," alimwambia fundi. "Leo utaonwa na bingwa mwenyewe."

Walikuwa wa saba kwenye orodha. Tabibu aliitwa akae naye, kama utaratibu unavyotaka kwa wagonjwa wa moyo, na mama mkwe akapewa kiti cha pembeni kwa masharti ya kunyamaza. Mzee akatokea kwenye skrini. "Zahanati ya saba. Kwa kifupi, sista."

Mama Waya alisoma. Alisoma umri wa Kasuku, hatua kumi za Kasuku, usingizi wa Kasuku. Fundi aligeuka kumtazama alipotajiwa miaka ambayo si yake, lakini pumzi ya kuuliza hakuwa nayo. Kisha stetoskopu ikawekwa, na zahanati kumi na tano zikasikia gunia linaburutwa. Mzee alisogea mbele mpaka miwani ikagusa kioo.

"Mnausikia huo?" alisema kwa furaha ya mwalimu. "Mlango mmoja wa moyo umebana. Damu inakwama, inarudi mapafuni, ndiyo maana hawezi kulala chali. Koo la utotoni ndilo lililoanza. Huu ni wa kitabuni kabisa! Sista, hapa umeandika alishaonwa na bingwa. Alisemaje?"

"Alisema ni hofu na uvivu, daktari."

"Alimsikiliza moyo?"

"Hakumgusa."

Na mzee akachemka. Akasema mtu huyo cheti chake kichunguzwe. Akasema mtu huyo angefaa kufuga kuku, kisha akajirekebisha kwamba hapana, kuku wangekufa. Akasema daktari anayeandika uvivu mahali pa ugonjwa anaficha uvivu wake mwenyewe. Wauguzi walicheka, kicheko kikaja vipande vipande kwenye spika. Mama Waya alisubiri kiishe chote. Alikuwa ameota dakika hii akifua, akipika, akitundika dripu, na sasa ilikuwa imefika, tamu kuliko alivyodhani.

"Barua aliyoiandika ninayo, daktari. Uione?"

"Ilete karibu na kamera."

Akaileta karibu. Mwandiko ulijaa skrini zote kumi na tano, na sahihi, na muhuri. Kicheko cha mwisho kilikatika. Katika zahanati fulani mtu alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti, jogoo akawika huko, na hakuna aliyecheka.

Mzee alivua miwani, akaivaa tena. "Huo ni mwandiko wangu," alisema.

"Ni wako, daktari. Una miaka kumi na mmoja. Aliyeandikiwa alikuwa mdogo wangu. Aliinua mkono akuambie kwamba akilala anazama. Ulimwambia, subiri, binti, naongea. Alikufa siku ya kumi na tisa. Nimesoma uuguzi kwa ajili yako."

Hayo alikuwa ameyakariri miaka. Yalitoka yote, hakuna hata neno moja lililoanguka njiani, na kila lilipotoka aliona kifua chake kinapanuka. Tabibu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kwenye skrini mzee alionekana kupungua ndani ya shati lake.

"Na huyu aliyeketi?" aliuliza kwa sauti ambayo haikuwa nene tena.

"Huyu ni mwingine. Huyu yu hai."

"Basi tusimcheleweshe. Tusimcheleweshe huyu." Alianza kusema haraka haraka, kama mtu anayetaka kufika mahali kabla hapajafungwa. Gari la wagonjwa liitwe. Kitanda atakitafuta yeye, leo hii. Na sindano ya kila mwezi ya kuulinda moyo ianze sasa, mbele yake. "Mzio wa penisilini hana, nimeona hapa. Tabibu, mchome."

Tabibu alivuta dawa, nyeupe kama maziwa, ikajaa bomba. Mama Waya hakuwa anamwangalia. Alikuwa anamwangalia mzee, uso ule ulioanguka, na hakutaka kuukosa hata kidogo.

Fundi aliinua mkono.

"Sista... hiyo nyeupe... mimi..."

Mama Waya hakugeuka. Alimwonyesha kiganja. "Subiri, dada, daktari anaongea."

Tabibu alishapaka spiriti. Fundi alijaribu tena, maneno yakamkatikia kooni, na mkono ukabaki juu, kama wa mtoto wa shule.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya mzee, na ilirudi nene yote. "Tabibu, weka chini hiyo. Mgonjwa ana neno. Mwacheni aseme."

Bomba likarudi kwenye sinia. Wote wakangoja, zahanati zote kumi na tano, mpaka fundi alipopata pumzi. Alisema kidogo kidogo. Sindano hiyo nyeupe alichomwa akiwa msichana. Alivimba uso. Koo lilifunga. Walimwagia maji wakidhani amekufa. Mama mkwe, aliyeahidi kunyamaza, akasema ni kweli, hata kwenye posa waliambiwa.

"Sista," alisema mzee taratibu, "hapa pameandikwa mzio hana."

"Ni wa marehemu," alisema Mama Waya. "Maelezo yote ni ya marehemu."

Alijua mzee anaweza kufanya nini na jibu hilo. Kikao kilikuwa kinarekodiwa. Alijiweka tayari, na kusema kweli alitaka: alitaka matusi ya kuku, alitaka apigiwe kelele, maana akipigiwa kelele angepata pa kujibia. Mzee alisukuma miwani juu ya pua. Kisha akasema tu, "Anza upya. Safari hii mwache aanze mwenyewe." Mama Waya alimchukia kwa upole huo kuliko alivyomchukia kwa ile karatasi.

Fundi alianza mwenyewe. Ilichukua dakika ishirini na mbili, na hakuna aliyesema kwa kifupi. Alipewa vidonge badala ya sindano, na gari likafika saa nane. Tabibu, kwa mara ya kwanza, aliandika ripoti kwa mkono wake, kalamu ikisita kila mstari. "Hapa niandike ulichanganya karatasi?" aliuliza.

"Andika sikuchanganya. Nilijua," alisema Mama Waya. Barua ya onyo ilikuja baada ya wiki tatu, akaitia sahihi.

Fundi alirudi katika mwezi wa pili baada ya hapo. Walimpanua ule mlango wa moyo kwa puto lililopitishwa kwenye mshipa, bila kupasua kifua, na sasa anakanyaga cherehani mpaka majirani wanalalamika kelele. Mama mkwe anamwambia kila mteja kwamba yeye tangu siku ya kwanza alijua ni moyo.

Mzee naye hakuacha kazi, ingawa Mama Waya aliomba aache. Kila Jumatano ya kwanza yupo, miwani kwenye ncha ya pua, na kabla maelezo hayajasomwa husema, "Mgonjwa aanze." Ni utaratibu mzuri. Wagonjwa wanaupenda. Mama Waya hajamsamehe wala hana mpango huo, na humjibu ndiyo daktari, hapana daktari, hakuna zaidi.

Siku ya kifo ilipotimia, alikwenda kwa mama yake mchana, na kopo. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Alisukuma ungo pembeni, akapangusa mikono. Hadithi ya kikao alishaisikia kijijini, ile nusu ya barua na kamera, na tangu hapo alikuwa akitembea kichwa juu.

"Ilete."

Mama Waya akaifungua. Akasoma maneno kumi.

"Na kwa mdomo alisema nini?"

"Alisema, subiri, binti, naongea."

Mama akafungua mdomo kusema lile neno lake la kila mwaka, akaona binti yake bado anaitazama karatasi. "Kuna nini tena?"

"Kuna mstari mwingine chini. Wino wake mpya." Akausoma, sauti ile ile, mwendo ule ule. "Subiri, dada, daktari anaongea."

"Hayo aliyasema nani?"

"Mimi, mama. Kwa fundi cherehani. Na sindano ilikuwa tayari."

Kuku alipita kati yao, akadonoa harage, hakufukuzwa. Mama aliitazama karatasi asiyoweza kuisoma, kwanza pale juu, halafu pale chini. Kisha akamtazama binti yake kwa macho yale aliyomwekea bingwa miaka yote hiyo.

"Soma tena," alisema.